Lisp isiyo na set!: kwa nini nimebaki na LFE

Kila aliyejifunza Scheme, mojawapo ya lugha za programu za familia ya Lisp, ameshaandika kihesabio. Fanksheni inazaa fanksheni nyingine, ile ya ndani inabaki imeshika namba yake, na kila ukiiita namba inapanda:

```
(define (tengeneza-kihesabio)
  (let ((n 0))
    (lambda ()
      (set! n (+ n 1))
      n)))
```

Mistari michache tu, lakini imebeba sehemu kubwa ya kilichonivuta kwenye Lisp. Fanksheni ni thamani kama thamani nyingine yoyote, inatembea na mazingira yake popote inapopelekwa, na hali ya programu imefichwa ndani, wa nje haioni wala haigusi. Katika LFE programu hii haiandikiki. Sisemi kwamba ni ngumu, `set!` haipo kabisa: kigeu kikishapewa thamani hakibadilishwi.

LFE, yaani Lisp Flavoured Erlang, ilitolewa na Robert Virding mwaka 2008. Virding ni mmoja wa watu watatu, pamoja na Joe Armstrong na Mike Williams, walioianzisha lugha ya programu ya Erlang kwenye maabara ya Ericsson nchini Uswidi katikati ya miaka ya 1980. Jambo hili lina uzito. Aliyeileta Lisp juu ya BEAM, mashine pepe inayoendesha Erlang, alikuwa anaijua mashine hiyo tangu ikiwa wazo. Alijua ni wapi haipindiki, na akaamua kwamba Lisp ndiyo itakayopinda. Msimbo wa LFE unageuzwa kuwa moduli za kawaida za BEAM. Hakuna tabaka jingine katikati: moduli yangu inaita za Erlang moja kwa moja, na za Erlang zinaiita yangu bila kujua iliandikwa kwa mabano.

Wapenda Lisp wengi wakiona orodha ya vitu vilivyoachwa huondoka. Mimi nadhani vilivyoachwa ndivyo vilivyoifanya Lisp hii iweze kazi ambayo Lisp nyingine zinaifanya kwa taabu.

Hiki hapa kihesabio kilekile kwa LFE:

```
(defmodule kihesabio
  (export (anzisha 0) (ongeza 1) (mzunguko 1)))

(defun anzisha ()
  (spawn 'kihesabio 'mzunguko '(0)))

(defun mzunguko (n)
  (receive
    (`#(ongeza ,anayeuliza)
     (let ((mpya (+ n 1)))
       (! anayeuliza `#(jibu ,mpya))
       (kihesabio:mzunguko mpya)))
    ('simama 'sawa)))

(defun ongeza (pid)
  (! pid `#(ongeza ,(self)))
  (receive
    (`#(jibu ,n) n)))
```

Ni mrefu zaidi, sikatai. `spawn` inazaa mchakato, yaani programu ndogo inayojiendesha ndani ya BEAM ikiwa na kumbukumbu yake; `!` inatuma ujumbe na `receive` inaupokea. Lakini angalia namba iko wapi sasa. Iko kwenye hoja ya `mzunguko`, na haibadiliki kamwe: kila ujumbe ukija, fanksheni inajiita upya ikiwa na namba mpya, na ile ya zamani haina tena mwenyewe. Kwa kuwa mwito ule ni wa mwisho, hakuna kinacholimbikizwa kwenye rafu ya miito, hivyo mzunguko huu unaweza kuendelea mwaka mzima bila kuongeza kumbukumbu inayotumika. Hali imefichwa vilevile kama kwenye Scheme. Tofauti ni kwamba sasa michakato elfu inaweza kumwita kihesabio huyu kwa wakati mmoja, na jibu la kila mmoja litakuwa sahihi, bila kufuli hata moja. Toleo la Scheme, ukiliweka mbele ya nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya programu inayokimbia pamoja na kugawana kumbukumbu, tayari lina hitilafu inayosubiri siku yake.

Kuna jambo jingine limejificha kwenye mstari mmoja wa msimbo ule, nalo hulipita mtu asiyeambiwa. Mzunguko haujiiti kwa `(mzunguko mpya)`. Unajiita kwa `(kihesabio:mzunguko mpya)`, jina la moduli likitangulia. BEAM inaweza kushika matoleo mawili ya moduli moja kwa pamoja, la sasa na la zamani. Mwito wa ndani usiotaja moduli hubaki kwenye toleo ulimoanzia. Mwito unaotaja moduli huenda kwenye toleo jipya kabisa lililopakiwa. Kwa hiyo nikipakia toleo jipya mfumo ukiwa unafanya kazi, kihesabio kitamaliza ujumbe kilichonao kwa msimbo wa zamani, kisha kivuke kwenye msimbo mpya kikiwa na namba yake ileile. Ndiyo maana `mzunguko` uko kwenye orodha ya `export` ingawa hakuna wa nje anayetakiwa kuuita. Nikipakia toleo la tatu huku kuna mchakato uliong'ang'ania la kwanza, mchakato huo unauawa. Ni kanuni kali, nami naipenda hivyo, kwa sababu inanilazimisha kujua kila mzunguko mrefu katika mfumo wangu unavukia wapi.

Sasa niseme ninakoitumia. Kazini tuna mfumo unaopokea vipimo vya joto, unyevu na shinikizo kutoka kwenye vifaa vilivyotawanyika. Kila kifaa kikiunganishwa kinapewa mchakato wake, na mchakato huo unaishi kadiri kifaa kinavyoishi. Mtu aliyezoea nyuzi za mfumo endeshi atashtuka: mchakato mzima kwa kifaa kimoja? Lakini mchakato wa BEAM si uzi wa mfumo endeshi. Unaanza na lundo, yaani eneo lake la kuwekea data, la maneno 233 ya kumbukumbu, pamoja na maelezo yake machache. Kwenye mashine ya biti 64 jumla haifiki kilobaiti 3. Kikomo cha kawaida cha idadi ya michakato kilikuwa 262,144 kwa muda mrefu, na tangu toleo la 27 la OTP, mkusanyo wa maktaba na zana unaotolewa pamoja na Erlang, kimepandishwa hadi 1,048,576. Kuwapa vifaa vyote mchakato mmojammoja ni jambo la kawaida kabisa hapa.

Na michakato hiyo haiwezi kunyimana zamu. Kila mmoja unapewa posho ya hatua zipatazo 4,000, ambapo hatua moja ni takribani mwito mmoja wa fanksheni, na posho ikiisha mpanga zamu anausimamisha na kuweka mwingine. Mchakato hauombwi ridhaa. Kwetu hili limekuwa la maana kuliko kasi. Kifaa kibovu kinaweza kutuma rundo la data isiyoeleweka. Mchakato wake utahangaika kuichambua, na vifaa vingine vyote vitaendelea kujibiwa kama kawaida. Ukusanyaji taka nao unafanywa mchakato kwa mchakato. Hakuna dakika ambapo mfumo mzima unasimama ili kumbukumbu ya wote ifagiliwe, na mchakato ukifa lundo lake lote linarudishwa mara moja, bila kufagia chochote.

Gharama yake ni kunakili. Kwa kuwa kila mchakato una lundo lake, ujumbe unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine unanakiliwa. Wanaosikia kwamba data haibadiliki hudhani kwamba itagawanwa tu kwa kuelekezana, kumbe sivyo, isipokuwa kwa mabainari (mifuatano ya baiti inayoshikwa kama kitu kimoja) yanayozidi baiti 64, ambayo hukaa nje ya malundo na kuhesabiwa wanaoyashika. Kwa hiyo vifurushi vya vifaa vyetu vinakaa kama bainari tangu vinapoingia hadi vinapohifadhiwa. Orodha ya herufi ingekuwa janga: seli moja ya orodha ni maneno mawili ya mashine, yaani baiti 16 kwa kila herufi.

Ile seli, hata hivyo, inanipa raha kila ninapoifikiria. Orodha ya BEAM ni jozi: kichwa, na mkia unaoelekeza kwenye jozi inayofuata. Ni `cons` ileile ya John McCarthy, aliyeanza Lisp huko MIT mwaka 1958. Hata orodha ambayo mkia wake wa mwisho si orodha tupu inaruhusiwa na mashine. Toleo la kwanza la Erlang liliandikwa kwa Prolog, na Prolog ilikuwa na jozi hizohizo. Virding hakulazimika kujenga muundo wa data wa Lisp juu ya BEAM, aliukuta.

Mahali ambapo Lisp na mashine hii vinakwaruzana hasa ni kwenye alama. Alama ya Lisp, yaani jina linalotumika lenyewe kama thamani, katika LFE ni atomu ya BEAM. Atomu zinawekwa kwenye jedwali moja la mfumo mzima, kila moja ikiwa na namba yake, ndiyo maana kuzilinganisha ni haraka sana. Lakini jedwali hilo halifagiliwi. Atomu ikishaingia haitoki hadi mashine izimwe, na kikomo cha kawaida ni 1,048,576. Kikijaa, mashine nzima inaanguka, pamoja na wasimamizi wote, yaani michakato inayozaa upya iliyokufa, na michakato yote uliyoipanga kwa uangalifu.

Mwandishi wa Lisp ana mazoea mawili yanayogongana na ukweli huu. La kwanza ni `gensym`, ile fanksheni inayobuni alama mpya isiyofanana na nyingine yoyote, inayotumiwa ndani ya makro, yaani msimbo unaozaa msimbo mwingine kabla programu haijaendeshwa, ili majina yasigongane. Katika Common Lisp alama hiyo haisajiliwi popote na hufagiliwa ikiisha kazi. Kwenye BEAM kila alama iliyobuniwa ingekuwa atomu ya kudumu. LFE haina `gensym`, na nakubaliana nayo kabisa: katika mfumo unaokusudiwa kuishi miaka bila kuzimwa, chombo cha kuzalisha atomu bila mwisho hakina nafasi. Nafasi yake tunajaza kwa nidhamu ya majina. Vigeu vya ndani ya makro zetu vyote vinaanza na jina la makro yenyewe, na mahali panapowezekana makro inaisha kwa kuita fanksheni ya kawaida, ambamo majina hayawezi kugongana na ya mwitaji.

Zoea la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kusoma data kwa msomaji wa Lisp. Ni kishawishi kitamu. Kanuni zetu za tahadhari, kwa mfano joto likizidi kiwango fulani kwa muda fulani tuma taarifa, zinaandikwa na watumiaji kama semi za mabano, na LFE ina msomaji aliye tayari. Ukimpa maandishi kutoka nje, kila neno lisilojulikana linakuwa atomu mpya. Mtu mwenye nia mbaya akituma maneno ya kubuni mfululizo atalijaza jedwali la atomu na kuuangusha mfumo bila kuvunja nenosiri lolote. Kanuni tuliyojiwekea tangu mwanzo ni kwamba maandishi ya nje hayapiti kwenye msomaji wa LFE. Tuna msomaji wetu mdogo unaoyaacha majina yote kama bainari, kisha unajaribu kuyageuza kwa `binary_to_existing_atom`, ambayo hukataa jina lolote lisilokuwa atomu tayari. Jina likikataliwa, kanuni inarudishwa kwa mwandishi wake ikiwa na maelezo. Ningependa kila mafunzo ya LFE yaanze na habari hii kabla ya kitu kingine chochote.

Mengine ni ya kuzoea tu. Majina ya fanksheni na ya vigeu yanatunzwa mahali tofauti, kama katika Common Lisp, kwa sababu BEAM inaitambua fanksheni kwa jina pamoja na idadi ya hoja zake. `(defun pima (x) ...)` na `(defun pima (x y) ...)` ni fanksheni mbili zisizohusiana. Hakuna hoja za hiari wala hoja za idadi yoyote. Fanksheni iliyoshikwa na kigeu inaitwa kwa `funcall`, na inayotajwa kwa jina inaandikwa `#'pima/2`. Mtu wa Scheme atalalamika wiki ya kwanza, kisha ataacha.

Basi Lisp imeleta nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni amekuja na makro. Rudi kwenye `ongeza` pale juu. Ina kasoro: mchakato wa kihesabio ukiwa umekufa, anayeuliza atasubiri jibu milele. BEAM inatoa dawa, kifungu cha `after`, lakini kinategemea mwandishi akumbuke kukiweka. Sisi tuliondoa hitaji la kukumbuka:

```
(defmacro ngoja
  ((cons ms vifungu)
   `(receive
      ,@vifungu
      (after ,ms 'muda-umeisha))))
```

Sasa mteja anaandika `(ngoja 5000 (`#(jibu ,n) n))`, na katika mradi wetu hakuna `receive` tupu upande wa anayeuliza. Kwa Erlang ya kawaida, makro ni ubadilishaji wa vipande vya maandishi kabla ya kusomwa, na anayetaka zaidi anaandika moduli ya kuuchambua mti wa msimbo, kazi ambayo wachache huithubutu. Kwa LFE, umbo ninaloliona kwenye skrini ndilo umbo ambalo makro inalipokea: orodha. Ruwaza, yaani maumbo ambayo data inalinganishwa nayo ili ipasuliwe, zinafanya kazi juu ya msimbo kama zinavyofanya juu ya ujumbe. `(cons ms vifungu)` pale juu ni ruwaza ileile ambayo ningeitumia kupasua orodha yoyote ya vipimo. Sijakutana na lugha nyingine ambamo kuandika makro na kupokea ujumbe vinatumia ujuzi mmoja namna hii.

Makro yetu kubwa inaeleza itifaki ya vifaa. Kila aina ya kifurushi inaandikwa mara moja: jina, sehemu zake, upana wa kila sehemu kwa biti. Kutokana na maelezo hayo makro inazaa fanksheni ya kusoma, ya kuandika, na kifungu cha mzunguko wa kifaa. Kikiongezeka kifurushi kipya, panapoguswa ni mahali pamoja tu. Fanksheni za kusaidia makro inabidi ziwekwe ndani ya `eval-when-compile`, kwa sababu moduli yenyewe bado haijazaliwa wakati makro inafunuliwa. Ukilielewa hilo, mengi yanayoonekana ya ajabu kwenye kompaila yanaeleweka.

Lugha ya Elixir ya José Valim nayo ina makro, nayo inakimbia juu ya BEAM, na jumuiya yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya LFE. Ninawaambia wazi wanaoniuliza: kama unajenga tovuti na unataka maktaba zilizokwisha kukomaa, nenda Elixir. Makro zake zinapokea mti ulioandikwa tofauti na ulichokiandika, na kwa matumizi ya kawaida hilo halisumbui. Kwangu linasumbua, kwa kuwa kazi yangu kubwa ni kuandika lugha ndogondogo ndani ya lugha.

Kuna kitu kimoja cha Common Lisp ambacho watu huniuliza kama ninakikosa: ule mfumo wa makosa ambao programu inasimama pale ilipokwama, bila kubomoa miito iliyoifikisha pale, na kukupa njia kadhaa za kuendelea. Ni ubunifu mkubwa. Lakini unadhania kuna mtu au sera ya juu inayojua cha kuchagua, na kwamba hali iliyopo pale bado inaaminika. Katika mfumo wetu, usiku wa manane, hakuna wa kuchagua. Mchakato wa kifaa ukikutana na kitu usichokitarajia unakufa, msimamizi wake anapata taarifa kwa kiungo kilichopo kati yao, na anazaa mwingine wenye hali ya mwanzo inayojulikana kuwa nzima. Armstrong aliijenga hoja hii kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 2003: anayerekebisha kosa awe mchakato mwingine, si ule uliolitenda. Nimeiona ikifanya kazi mara nyingi mno kutamani njia nyingine.

Na ule uhai wa Lisp, wa kuzungumza na programu ikiwa inaenda, haujapotea. Ninafungua ganda la LFE, yaani dirisha la kuandikia amri, lililounganishwa na mashine iliyo kazini, naupata mchakato wa kifaa fulani, naiangalia hali yake kwa `sys:get_state`, napakia moduli iliyosahihishwa, na kifaa hakijui kama kuna kilichotokea. Hilo linawezekana kwa sababu michakato yetu imejengwa juu ya `gen_server`, kiolezo cha OTP cha mchakato unaopokea maombi na kutunza hali, badala ya mizunguko ya mkono kama ile niliyoionyesha. OTP yote inapatikana kwa LFE bila kuandikwa upya, na hapo ndipo uamuzi wa Virding wa kutoigusa mashine unapolipa zaidi.

Bei ni kwamba lazima ujue kusoma Erlang. Nyaraka za OTP zimeandikwa kwa Erlang, na ripoti ya mchakato uliokufa inaweza kukujia na koma na mabano ya mraba ya Erlang hata kama hukuandika mstari mmoja wa lugha hiyo. Anayejiunga nasi tunampa kwanza kazi ya kusoma moduli za `gen_server` na `supervisor` kama zilivyo kwenye OTP, kisha aandike msimamizi mdogo wake mwenyewe kwa LFE, wa kuzaa upya mchakato mmoja tu unapokufa. Akimaliza hilo anakabidhiwa kifurushi kimoja halisi cha itifaki, na kwa kawaida kuanzia hapo maswali yake yanakuwa juu ya vifaa, si juu ya lugha.